Harufu ya Chumba cha Saba

Hradín, 24 Juni 1996

Mdogo wangu Oldřich,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na wifi Vlasta presha yake imetulia. Mimi nipo. Miguu imevimba kwa joto, jirani wa ghorofa ya juu amenunua tarumbeta, na kaburi la mama nimelipalilia Jumapili iliyopita. Nimepanda maua ya zambarau. Yale mekundu yaliibwa, na aliyeyaiba namjua, ila siku hizi nimeacha ugomvi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Unajua mwaka wa kumi na tisa huu nalinda vyumba pale kasrini, cha saba, cha nane na cha tisa. Kiti changu kiko cha saba, chumba cha buluu, kati ya dirisha na meza ya mfalme mmoja aliyelala hapo usiku mmoja tu akaumwa tumbo. Watu wanaingia wamevaa sapatu za sufu juu ya viatu ili wasiikwaruze sakafu, wanateleza huku na huku, na kazi yangu mimi ni kusema, "Usishike." Basi, ndiyo kazi yote, na ninaipenda. Tangu Bohuslav wangu afariki, nyumbani sina wa kumwambia usishike.

Katikati ya mwezi huu chumba kikaanza kunuka. Siku ya kwanza nilidhani ni mtalii mmoja ambaye sitamtaja nchi yake. Siku ya nne mtalii alishaondoka na harufu ipo. Mkurugenzi, Daktari Hanuš (daktari wa historia huyu, usije ukamweleza goti lako), akasema kicheche amefia ukutani. Miluška, msichana anayeongoza wageni, akaona asipoteze nafasi: akawaambia watu kwamba ni Bibi Mweupe, yule mke wa bwana wa kasri aliyejengewa ukutani akiwa hai. Wewe, watu walikata tiketi mara ya pili warudi kunusa.

Siku ya kumi akaitwa fundi wa dohani. Wageni wote wakaacha picha za wafalme wakamkimbilia kushika vifungo vya koti lake wapate bahati, mimi nasema usishike, usishike, nani anasikia. Fundi akaingiza mkono ndani ya lile jiko la vigae la kuotea moto, ambalo halijawashwa tangu babu zetu, akatoa kifurushi. Ndani yake kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa chenga za mkate.

"Bibi Mweupe wenu," akasema, "alitoka na chakula cha njiani."

Watu walicheka. Daktari Hanuš hakucheka. Ameniita ofisini akaniambia hivi: ama Bibi Blažena ulikuwa umelala kitini, ama unamjua aliyefanya. Nimpe jina kabla ya kikao cha tarehe 16 Septemba, au kiti changu kinaondolewa na ukutani inawekwa kamera. Nina miaka sitini na saba, Oldřich. Nikitolewa pale nitakaa nyumbani kusikiliza tarumbeta.

Nimeangalia kitabu cha wageni. Tarehe 8 Juni kilikuja chama cha wakulima wa bustani kutoka Karviná, watu arobaini na mmoja. Wewe si ni mwanachama? Sikushuku. Nauliza tu, kwa sababu kama ulifika mjini kwetu na hukunigongea mlango, ningependa kujua. Miaka tisa hatujaonana uso kwa uso, tangu siku ile ulipolikata kabati la jikoni la mama vipande viwili kwa msumeno ili lipite mlangoni kwako. Silirudii hilo. Nimesema silirudii.

Dada yako,
Blažena


Karviná, 9 Julai 1996

Dada Blažena,

Shikamoo. Barua yako tumeipata, tumefurahi sana kusikia u mzima, ukiacha miguu. Vlasta anakusalimu. Nyanya mwaka huu zimekubali kupita kiasi, matango nayo yamekataa, na jirani yangu wa bustani, Řehoř, yeye matango yamemkubali na kila asubuhi anakuja uzioni kuniambia. Mvua ilinyesha Jumanne. Jumatano pia ilitaka kunyesha.

Kuhusu safari ya chama, ni kweli watu wetu walikuja kwenu. Mimi mgongo ulinibana, nililala siku nzima na chupa ya maji ya moto. Nilisikitika sana. Waliorudi walisema kasri ni zuri, hasa ngazi ya marumaru, na wale tausi, na kwamba bia ya pale chini uwanjani si mbaya ingawa wanaimimina kwa ubahili.

Nimehuzunika kwa hilo la kiti chako. Lakini dada, usimhukumu mtu haraka. Mimi nafikiri mtu anayefunga chakula kwenye leso safi, pembe nne, na tango la siki pembeni, huyo si mhuni. Huenda alikuwa na nia njema ikamharibikia. Mwambie mkurugenzi hivyo.

Kabati halijambo. Yaani, sehemu zote mbili hazijambo.

Mdogo wako,
Oldřich


Hradín, 13 Julai 1996

Oldřich,

Wasalimie nyumbani. Nafurahi nyanya zimekubali.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nimevaa miwani. Mimi niliandika kifurushi. Leso sikuiandika, wala pembe nne, wala tango la siki. Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno, na unajua kichwa changu kilivyo. Hebu nieleze mgonjwa wa mgongo, aliyelala Karviná na chupa ya maji ya moto, ameionaje leso iliyokuwa ndani ya jiko la Hradín.

Na nikuongezee jambo jingine. Zile chenga za mkate zilikuwa na mbegu za kisibiti, kile kiungo cha mkate. Nchi hii nzima mtu mmoja tu alitia kisibiti kwenye chenga za nyama, na huyo kaburi lake nimelipalilia juzi.

Daktari Hanuš ameshaita watu waje kupima ukuta kwa ajili ya kamera. Walipanda ngazi palepale juu ya kiti changu, mmoja akaniomba nisogee kidogo mama. Miaka kumi na tisa, halafu nisogee kidogo mama.

Nangoja jibu, na nataka jibu lenyewe, sitaki mvua ya Jumatano.

Blažena


Karviná, 20 Agosti 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Wiki ya kwanza sikuwa na stempu. Wiki ya pili nilikuwa na stempu lakini uyoga ulianza. Dada, mwaka huu uyoga ni balaa. Mimi na Vlasta tumetoka msituni na vikapu vinne, vitatu vya kukausha na kimoja cha siki, na kuna mmoja nimeupima, kilo moja na robo, bila funza hata mmoja. Řehoř alipouona akarudi ndani kwake akafunga mlango. Nitakuletea uliokauka. Yaani, nitakutumia kwa posta.

Nyanya sasa tunazigawa bure. Mgongo haujambo. Goti linauma mvua ikikaribia. Mtoto wa Řehoř anaoa mwezi wa kumi.

Kuhusu leso, nadhani nilisikia kwa wenzangu waliorudi.

Nakuombea heri kwenye kikao.

Oldřich

Wifi, ni mimi Vlasta, naandika hapa chini wakati yeye ametoka kutafuta bahasha ambayo nimeikalia. Mgongo wake haujawahi kumuuma tangu tuoane. Siku ile nilikaanga vipande kumi na viwili na yeye akanisimamia jikoni tangu saa tisa usiku kuhusu kisibiti. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nimeapishwa. Ila usiku halali, mzee wa watu.


Hradín, 26 Agosti 1996

Oldřich,

Hamjambo huko. Mimi sijambo. Mwambie Vlasta ahsante.

Sikuulizi tena. Leo Daktari Hanuš aliniita, akaweka karatasi nyeupe mbele yangu na kalamu, akasema, "Andika jina tu, Bibi Blažena, hakuna atakayefungwa." Nikakaa nikaitazama ile karatasi, kisha nikaandika: sijui. Akasema basi tutaonana tarehe 16. Nikamwambia tutaonana.

Nimeanza kubeba vitu vyangu nyumbani kidogokidogo ili siku hiyo nisiondoke na mabegi mbele za watu. Mto wa kiti. Sweta. Kikombe. Uyoga usitume, posta watauponda.

Blažena


Karviná, 3 Septemba 1996

Dada yangu Blažena,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nikianza na nyanya sitafika.

Nilikuja. Tena safari yenyewe niliileta mimi. Mwezi wa tatu kwenye mkutano wenzangu wote walitaka kwenda kuona kiwanda cha bia, mimi nikasimama nikasema ni aibu wakulima wa bustani kuijua bia kuliko historia ya nchi yao. Nusu saa nilihutubia. Wakapiga kura kwa ajili ya kuninyamazisha.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kufika mji wa Olomouc vipande vyote vya nyama kwenye basi vilishaliwa, unajua watu wetu, injini haijapata moto foili zinafunguliwa. Mimi sikula. Vipande kumi na kimoja niliwagawia wenzangu, cha kumi na mbili nikakifunga kwenye leso nikakitia mfukoni mwa koti. Hicho kilikuwa chako. Nilisema nitamkuta kitini kwake, nitamwambia, Blažena, hiki hapa, cha mama, nimejifunza. Maneno mengine sikuyaandaa. Niliamini kisibiti kitayasema.

Basi tukafika. Tukaona tausi, tukaona mizinga, tukapigwa picha kwenye ngazi ya marumaru, Řehoř amesimama mbele yangu kwenye picha zote. Mlangoni wakatupa sapatu za sufu. Zangu zilikuwa mbili za mguu wa kushoto, nikaona aibu kurudisha. Chumba cha kwanza wafalme. Cha pili wafalme wengine, hao wana mbwa. Cha tatu kitanda kifupi, msichana akasema enzi hizo watu walilala wameketi, Řehoř akasema hata yeye kazini alifanya hivyo. Mimi nilicheka ila sikusikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Cha nne. Cha tano. Dada, nimechimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, nimefukiwa mara mbili, na nakuambia kweli, pale cha sita niligeuka kutafuta mlango wa kurudi.

Nikaingia cha saba. Kiti kipo, wewe hupo. Nikaona mto wako ule wa maua. Wenzangu wakapita kwenda cha nane, mimi nikabaki kidogo, nikaitoa leso mfukoni nikakunjua mabega. Ndipo nikakusikia kutoka chumba cha nane: "Wewe bwana! Mkono huo! Toa mkono huo haraka!"

Nina miaka sitini na tatu. Lakini sauti ile ilinishika nikiwa na miaka sita, nimesimama kwenye kigoda na kidole ndani ya chupa ya jamu. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Mlango wa jiko ulikuwa karibu, nikaufungua, nikatia leso, nikaufunga. Nikasema nitamsalimia kwanza, nikishaona uso wake ukoje nitarudi kuchukua. Nikateleza kuingia cha nane, wewe ukawa umeshaingia cha tisa. Tulipofika cha tisa ukawa umepotea kabisa, na msichana akafunga mlango nyuma yetu kwa ufunguo. Nikamwomba anirudishe cha saba. Akaniambia, "Mzee, hapa watu huenda mbele tu." Nikajikuta uwanjani nimeshika bia.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye kijishamba mpaka giza. Nikasema nitaandika kesho. Barua yako ikatangulia, na ilivyokuwa kali nikaona bora nilale na mgongo.

Nilifikiri litapita. Lakini uliposema umeanza kubeba mto, Vlasta aliniwekea kalamu mezani badala ya kijiko. Leo hii nimemwandikia mkurugenzi wako. Nimemweleza yote, jina langu, namba yangu ya chama, sapatu mbili za kushoto, yote. Nimemwambia dada yangu hakuwa amelala wala hakujua lolote, alikuwa chumba cha nane akifanya kazi yake kama anavyoifanya siku zote, na kama kuna wa kuadhibiwa niko hapa Karviná naadhibika.

Na kuhusu kabati. Ningeweza kuing'oa fremu ya mlango. Řehoř aliniambia ng'oa fremu. Mimi nikachukua msumeno kwa sababu wewe siku ile ulisema halitapita na nisijaribu. Nisamehe.

Oldřich


Hradín, 19 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Natumaini nyote ni wazima, na Vlasta mpe pole kwa kukaa na wewe. Miguu yangu imepungua uvimbe tangu joto liondoke. Jirani wa juu anajifunza sasa wimbo wa pili.

Kikao kimefanyika. Daktari Hanuš aliisoma barua yako mbele ya watu wote wa kasri. Alipofika kwenye sapatu mbili za kushoto ilibidi asimame anywe maji, Miluška alikuwa chini ya meza kwa kicheko. Kisha akakunja karatasi akasema, "Bibi Blažena, mambo yamekwisha. Hukulala, hukujua, rudi kitini kwako." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikainuka nishukuru, nikaona siwezi.

Kwa sababu barua yako ni ya kweli, Oldřich, isipokuwa pale uliposema sikujua lolote. Kioo kikubwa cha chumba cha nane kinaonyesha chumba cha saba chote. Ndivyo ninavyowakamata watu miaka yote. Nilikuona ulipoingia. Umesimama na lile koti la Jumapili, umenenepa, kofia mkononi, shingo ni ya baba kabisa. Ningeweza kutoka hatua sita nikakushika mkono. Badala yake nikamgeukia bwana mmoja aliyekuwa karibu nami nikamfokea. Maskini ya Mungu, hakushika kitu. Mikono yake ilikuwa mgongoni. Nilimfokea ili nipate la kufanya, halafu nikakimbilia cha tisa, na kutoka cha tisa nikajifungia chooni mpaka basi lenu likapiga honi.

Na nilikuona ukitia kitu ndani ya lile jiko la vigae. Nilidhani ni barua, au ni kitu cha mama. Nilisema sikifungui ng'o, kama ana neno na mimi aje aniambie kwa mdomo wake. Nikakaa kitini pangu hatua mbili kutoka pale. Siku ya tatu nikanusa. Siku ya tano nikajua ni nyama, siku ya sita nikajua ni ya kwako. Siku ya kumi bado nimekaa, pua imeziba, nangoja uje kuomba radhi. Kicheche, Bibi Mweupe, fundi wa dohani, wote niliwaacha waje. Hata barua ile ya kwanza nilikuandikia nikikutega. Nilikuwa tayari kukipoteza kiti kuliko kutangulia kusema.

Yote haya niliyasema palepale kikaoni, nimesimama. Hakuna aliyecheka safari hiyo. Daktari Hanuš akavua miwani, akaniuliza mbona namwambia wakati ameshanisamehe. Nikamwambia mdogo wangu ameandika ukweli kurasa tatu, siwezi mimi mkubwa kukaa juu ya uongo wa mstari mmoja.

Kwa hiyo kiti kimekwenda. Kamera wanaifunga wiki ijayo. Ila hawakunifukuza. Nimepewa benchi la sapatu, pale mlangoni. Nakaa na vikapu vyangu, namuuliza kila mtu saizi ya mguu, na hapo naweza kumkaripia kabla hajaingia. Jana nimetenganisha pea mia mbili na kumi, kushoto mbali, kulia mbali. Kazi si mbaya. Chumba cha buluu nakikumbuka, nisikudanganye, jana jioni nilikipita nikalia kidogo.

Wewe mkurugenzi amekupiga marufuku kuingia vyumbani mwaka mzima. Benchi langu liko nje ya mlango, nimemuuliza, marufuku haifiki pale. Jumamosi ya tarehe 28 natoka saa nane mchana. Panda treni ya asubuhi, uje na Vlasta. Katika miaka tisa nimekuona dakika mbili, tena kwenye kioo. Njoo nikuone vizuri.

Dada yako,
Blažena